Safu, Orodha na Kitenzi "Kugeuza": Maana ya Badiliko katika Istilahi za Programu

1. Utangulizi

Kitenzi "kugeuza" na jamaa zake hubeba katika Kiswahili dhana moja ambayo wasemaji huichukua bila kuifikiria: kile kilichokuwapo mwanzo hakipo tena kwa hali yake ya awali. Mahindi yakisagwa yakawa unga, hapana mahindi tena. Mpingo ukichongwa ukawa kinyago, gogo limekwisha. Mtu anayesimuliwa katika ngano kwamba aligeuka jiwe hatarajiwi kuonekana sokoni kesho yake akiwa mtu, huku jiwe lingali pale pale.

Dhana hiyo huleta utata pindi kitenzi hicho kinapopelekwa katika ufundishaji wa kompyuta. Wanafunzi wa lugha ya programu iitwayo Java hufundishwa mapema namna ya "kugeuza safu kuwa orodha". Usemi huo mmoja hutumika kwa matendo matatu yasiyofanana, na katika matendo hayo yote matatu safu haitoweki. Mhadhara huu unakusudia kuyabainisha matendo hayo, kuonyesha madhara ya kuyachanganya, na kupendekeza namna ambavyo Kiswahili, kwa nyenzo zake chenyewe, kinaweza kuyapa majina yanayosema kweli.

Suala hili haliwahusu wataalamu wa kompyuta peke yao. Kijana aliyekulia Masasi au Newala huenda nyumbani anazungumza Kimakonde, Kimakua au Kiyao. Katika shule ya msingi ya umma hufundishwa kwa Kiswahili. Na afikapo sekondari na chuoni hufundishwa kwa Kiingereza. Anapokutana na jina la kitendo cha programu, hulielewa kwa kupitia lugha mbili au tatu. Ikiwa fasiri aliyopewa njiani ina kasoro, ataibeba kasoro hiyo hadi katika programu atakayoandika, na programu hiyo itatumiwa na watu wasioijua Java kabisa.

2. Safu na orodha

Neno "safu" limetokana na Kiarabu, na katika Kiswahili lina matumizi mengi: safu za askari, safu za waumini katika sala, safu ya milima, safu ya gazeti. Matumizi yote hayo yanaungana katika wazo la vitu vilivyopangwa kwa mfuatano, kila kimoja mahali pake. Kwa sababu hiyo linafaa kutaja muundo wa data ambao idadi ya nafasi zake huamuliwa siku ya kuundwa kwake. Safu ikiundwa kwa nafasi 20, itabaki na nafasi 20 hadi mwisho wa uhai wake. Kila nafasi hutambuliwa kwa fahirisi, na fahirisi huanza na 0. Hivyo nafasi ya mwisho katika safu hiyo ni ya 19.

Orodha ni kitu kingine. Katika Java, orodha ni mkataba unaotaja mambo yanayoweza kufanywa: kuongeza, kuondoa, kuhesabu, kutafuta, kubadilisha. Aina inayotumiwa zaidi, ArrayList, hutekeleza mkataba huo kwa kuficha safu ndani yake. Safu hiyo ikijaa, huundwa nyingine kubwa zaidi na yaliyomo huhamishiwa huko. Mtumiaji haoni uhamisho huo. Anachokiona ni orodha inayokua kadiri anavyoongeza.

Tofauti hiyo inaweza kuelezwa kwa mfano wa kubuni uliowekwa katika Hospitali ya Mkomaindo, mjini Masasi. Tuseme wodi moja ina vitanda 20. Vitanda hivyo ni safu: kila kitanda kina namba, na mgonjwa wa 21 akifika, kitanda hakizaliwi kwa kuwa tu amefika. Daftari la mapokezi, kwa upande wake, ni orodha. Wanaotoka vijiji vya jirani na wanaoshuka kutoka Newala, kwenye ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, wote huandikwa kwa kadiri wanavyokuja, na aliyekwisha kuhudumiwa hukatwa jina. Safu hujibu swali la nani yuko katika nafasi fulani. Orodha hujibu swali la nani wamo kwa sasa.

3. Matendo matatu chini ya kitenzi kimoja

Java ilitangazwa mwaka 1995 na kampuni ya Sun Microsystems, na mbunifu wake mkuu alikuwa James Gosling. Toleo la 1.2, lililotoka mwaka 1998, liliingiza mfumo wa makusanyo ambao ndani yake mna orodha. Katika toleo hilo kiliwekwa kitendo kiitwacho Arrays.asList, nacho ndicho ambacho wanafunzi wengi huelezwa kwamba "hugeuza" safu.

Kwa hakika kitendo hicho hakigeuzi chochote. Huivika safu vazi la orodha. Nyuma ya vazi hilo, safu ni ile ile. Mwandishi wa programu akibadilisha jina la tatu katika orodha, jina la tatu katika safu limebadilika pia. Akipanga majina ya orodha kwa alfabeti, safu nayo imepangika upya. Aidha, kwa kuwa safu haiwezi kukua wala kupungua, orodha hiyo hukataa kuongezwa au kuondolewa kitu. Programu hukubaliwa na kompaila bila lawama, kisha hukatika inapokuwa kazini, kwa ujumbe kwamba kitendo kilichoombwa hakiruhusiwi.

Katika wodi ya mfano wetu, athari zake ni kubwa. Muuguzi anaomba orodha ya wagonjwa ipangwe kwa alfabeti ili aisome kwa urahisi. Akiwa amepewa orodha ya aina hiyo, kupanga majina kunahamisha watu vitandani, angalau katika kumbukumbu za kompyuta. Aliyekuwa kitanda namba 4 anaonekana yuko kitanda namba 17, na dawa iliyoandikiwa kitanda hufuata namba. Hapana ujumbe wowote wa kosa utakaoonekana, kwa maana kompyuta imefanya kile hasa ilichoagizwa. Kosa liko katika fasiri ya mwanadamu, aliyedhani kwamba amepewa kitu kipya.

Tendo la pili ni kunakili. Hapa huundwa ArrayList mpya, na yaliyomo katika safu hunakiliwa humo. Orodha hiyo inajitegemea: huweza kuongezwa, kupunguzwa na kupangwa upya, na safu isiguswe. Hata hivyo, ni muhimu kutambua kinachonakiliwa. Ikiwa nafasi za safu zimebeba vitu, kinachonakiliwa ni rejeo la kila kitu, wala si kitu chenyewe. Ni sawa na kunakili ukurasa wa daftari unaoonyesha faili la kila mgonjwa liko rafu gani. Kurasa sasa ni mbili, lakini faili la mgonjwa ni moja. Mwenye ukurasa wa pili akifuata maelekezo, akalifungua faili na kuandika ndani yake, mwenye ukurasa wa kwanza atayakuta maandishi hayo hayo.

Tendo la tatu ni kunakili na kufunga. Tangu toleo la 9, la mwaka 2017, Java ina kitendo List.of, ambacho kikipewa safu ya vitu huunda orodha mpya isiyokubali kuongezwa, kupunguzwa wala kubadilishwa nafasi zake. Toleo la 16, la mwaka 2021, liliongeza njia fupi ya kupata orodha ya namna hiyo kutoka katika mkondo wa data. Orodha iliyofungwa inafanana na tangazo lililobandikwa ndani ya kioo: kila mtu hulisoma, hakuna anayelifuta.

4. Safu ya namba na suala la upatanisho

Lipo tatizo jingine ambalo sarufi ya Kiswahili hulieleza kwa wepesi wa pekee. Java hutofautisha vitu na thamani sahili, mathalani namba kamili za aina ya int. Orodha haipokei thamani sahili. Hupokea vitu tu. Je, inakuwaje safu ya namba sahili 5 ikipelekwa kwa Arrays.asList? Kabla ya mwaka 2004 kompaila iliikataa. Toleo la 5, lililotoka mwaka huo, lilikiruhusu kitendo hicho kupokea vitu vingi kwa idadi yoyote, na tangu hapo safu hiyo hukubaliwa. Lakini hukubaliwa kama kitu kimoja. Orodha inayopatikana haina namba 5. Ina safu 1.

Msemaji wa Kiswahili anazo nyenzo za kuliona jambo hili. Husema "kundi la watu limefika" anapolihesabu kundi kuwa kitu kimoja, na "watu wa kundi hilo wamefika" anapowahesabu waliomo. Kiambishi cha upatanisho humlazimu kuchagua anahesabu nini: chombo au vilivyomo. Java nayo huchagua, lakini uchaguzi wake hauonekani juu ya maneno. Mwandishi aliyetaja wazi kwamba anataka orodha ya namba atakataliwa na kompaila, na hiyo ni salama. Asiyetaja, akauliza tu kama namba 37 imo, atajibiwa kuwa haimo, hata kama iko katika safu. Jibu hilo si uongo kwa mujibu wa kompyuta: ndani ya orodha mna safu moja, na safu si namba 37. Iwapo namba hizo ni za kadi za wagonjwa, mtu mwenye kadi halali ataambiwa hajulikani.

Njia sahihi ni kuipitia safu namba kwa namba, kila moja ikafungashwa ndani ya kitu cha aina ya Integer, kisha vitu hivyo vikaingizwa katika orodha. Tangu toleo la 8, la mwaka 2014, kazi hiyo huweza kufanywa kwa mkondo wa data katika mstari mmoja. Kitenzi kinachofaa hapa ni "kufungasha", kwa kuwa namba haibadiliki. Hupewa tu chombo cha kuichukua.

5. Kuelekea istilahi zinazosema kweli

Kiswahili hakianzi leo kuingia katika kompyuta. Mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maagizo ya Kiswahili. Kazi za namna hiyo zilihusu zaidi maneno ambayo mtumiaji huyaona kwenye kioo: faili, hifadhi, fungua, funga. Istilahi za ndani, zile za mwandishi wa programu, ni uwanja mgumu zaidi, maana humo neno halitaji kitufe tu bali hueleza tabia ya kitu.

Jina asList lenyewe ni mfano mzuri. Sehemu yake ya kwanza hukaribiana na neno letu "kama", na fasiri ya haraka ingekuwa "kama orodha". Fasiri hiyo ina dosari. "Kama" ni neno lenye kazi nyingi: hulinganisha, hukadiria, na pia huweka sharti. Katika maelezo ya programu, ambamo masharti hayaishi, "kama orodha" itasomwa na wengi kuwa mwanzo wa sharti ambalo halijakamilika. Nayo fasiri ya "kugeuza kuwa orodha" ni mbaya zaidi, kwani huahidi kutoweka kwa safu ambayo ingali hai.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba tendo la kwanza liitwe "kuonyesha safu kwa sura ya orodha", na orodha hiyo iitwe "orodha-sura". Anayejua kwamba anashika sura ya kitu atajua kwamba akiigusa amekigusa kitu chenyewe. Tendo la pili liitwe "kunakili safu katika orodha", na la tatu "kunakili safu katika orodha funge". Kwa safu za thamani sahili, itangulizwe kauli ya "kufungasha". Kitenzi "kuorodhesha", kilichoundwa kwa kiambishi cha kusababisha na ambacho tayari kimezoeleka, kinaweza kubaki kuwa neno la jumla pale ambapo tofauti hizi hazihitajiki. "Kugeuza" kihifadhiwe kwa mabadiliko ya kweli, ambapo cha awali hakibaki.

Hapana haja ya kusubiri kamusi nzima ya kompyuta ikamilike. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lina utaratibu wa kusanifisha istilahi, na istilahi hufika huko zikiwa na nguvu zaidi zikiwa zimekwisha kujaribiwa darasani. Jaribio lake ni jepesi: mwanafunzi aelezwe tendo kwa istilahi iliyopendekezwa, kisha aulizwe nini kitatokea kwa safu iwapo orodha itapangwa upya. Istilahi inayomwezesha kujibu sawasawa kabla hajaigusa kompyuta ndiyo inayofaa.

6. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba usemi "kugeuza safu kuwa orodha" huficha matendo matatu: kuonyesha kwa sura nyingine, kunakili, na kunakili kwa kufunga. Imeonyeshwa pia kwamba safu ya namba sahili hudai kufungashwa kwanza, la sivyo chombo kitahesabiwa badala ya vilivyomo. Tofauti hizi hazikutoka nje ya uwezo wa Kiswahili. Vitenzi vyake vya badiliko, upatanisho wa ngeli zake na unyambuaji wake vinazipa mahali. Mwanaisimu anayeunda istilahi za programu hapaswi kuuliza tu neno la kigeni linasema nini. Hana budi kuuliza kitu chenyewe kinafanya nini, kisha akipe jina ambalo muuguzi wa wodini, hata asiyeandika programu, akielezwa kwalo ataelewa kwa nini wagonjwa wake wamehamishwa vitanda.