Fahamu: Dereva wa lori anavyojiandaa kwenda Ulaya bila kumaliza akiba

Dereva wa semitrela wa Bagamoyo, aliyezoea barabara ya Msata, haanzi na tiketi ya ndege. Anaanza na karatasi zake.

Kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa cha RITA humfungulia njia ya pasipoti, ambayo ada yake ni shilingi 150,000. Cheti cha tabia njema hutolewa na Jeshi la Polisi baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Akizitafuta moja moja mapema, mzigo wa gharama hauji wote kwa mkupuo.

Gharama kubwa iko mbele. Leseni ya daraja E pekee haitoshi kumpa kazi Ulaya: madereva wa kulipwa wa malori katika Umoja wa Ulaya huhitaji namba 95, yaani uthibitisho wa umahiri wa udereva wa kitaaluma, ambayo mafunzo yake ya awali ni saa 280, au 140 kwa njia fupi. Aulize mapema, tena kwa maandishi, nani atayalipia.

Wakala wa kumtafutia kazi naye achunguzwe. TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, ni ya serikali. Wakala binafsi lazima awe na leseni ya Kamishna wa Kazi. Asiyeonyesha leseni wala mkataba asipewe hata senti, wala asiachiwe pasipoti.