Kidonda Hakikaushwi

Mtu akitoka kwa mchoraji wa tatuu, iwe Kinondoni au Westlands, hupata washauri wengi kabla hajafika nyumbani. Mmoja atamwambia apake spiriti. Mwingine atamletea dawa ya meno. Rafiki aliyechorwa mwaka jana atamhimiza akaoge baharini, chumvi ikafanye kazi yake. Na hakosekani wa kumwelekeza duka la dawa akanunue vidonge vya rangi mbili, afungue kapsuli na kunyunyizia unga wake juu ya mchoro. Ushauri huu wote una mzizi mmoja: imani kwamba unyevu ndio ugonjwa wa kidonda, na kwamba dawa ni kukikausha upesi iwezekanavyo.

Imani hiyo imeharibu michoro mingi mizuri, na ngozi nyingi pia.

Tatuu mpya ni kidonda kipana kisicho na kina kirefu. Sindano hupenya ngozi ya juu, ile inayojibandua na kujijenga upya kila baada ya wiki chache, na kuacha wino katika ngozi ya ndani, milimita moja hadi mbili chini. Mwili huuona wino huo kama mvamizi. Seli za ulinzi ziitwazo makrofaji hufika, hummeza mvamizi, kisha hushindwa kumsaga, kwa kuwa chembe za wino ni kubwa mno na ngumu mno kwao. Hapo ndipo rangi inapokaa: ndani ya matumbo ya seli zilizoshindwa kazi. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwamba hata seli hizo zinapokufa mchoro haupotei. Waliua makrofaji za ngozi kwenye mkia wa panya mwenye tatuu ya kijani, na rangi ikabaki vilevile. Wino uliomwagika ulimezwa na makrofaji mpya zilizokuja kushika nafasi.

Kwa hiyo anayesugua tatuu kwa limau au chumvi “ili rangi ishike” anajitesa bure. Rangi ilikwisha kushikwa tangu siku ya kwanza, mahali ambapo limau halifiki. Kilichobaki wazi ni tabaka la juu lililotobolewa maelfu ya mara, nalo linahitaji kufungwa haraka na kwa usafi.

Uponyaji hupita hatua tatu: siku za majimaji, siku za kubanduka, na miezi ya ndani ambayo jicho halioni.  Ile ya kwanza haieleweki bila kupitia kwa nguruwe wa George Winter.

Winter alikuwa mtafiti nchini Uingereza, na mwaka 1962 alichapisha katika jarida la Nature jaribio dogo lililobadili ufungaji wa vidonda duniani. Alichukua nguruwe wachanga, ambao ngozi yao inafanana sana na ya binadamu, akawatia vidonda vya juujuu mgongoni. Baadhi ya vidonda aliviacha vipate hewa, kama bibi yeyote angeshauri. Vingine alivifunika kwa karatasi ya plastiki. Vidonda vilivyofunikwa vilifunga ngozi mpya kwa kasi inayokaribia maradufu ya vile vilivyoachwa wazi.

Sababu yake inastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa maana ndiyo kiini cha utunzaji wote wa tatuu. Kidonda hufungwa na seli zinazotambaa kutoka kingoni na kutoka kwenye mizizi ya vinyweleo. Seli hizo hutambaa mahali penye unyevu tu. Kidonda kikikauka, kigaga kigumu huumbika, na chini yake tabaka jingine la nyama hai hukauka na kufa. Seli zinazotafuta njia hulazimika kushuka chini ya kigaga, zikichimba kama fuko hadi zipate palipo na majimaji, ndipo zisonge mbele. Palipo na unyevu hazichimbi. Huteleza juu kwa juu. Mwaka uliofuata, Hinman na Maibach walirudia jambo hilo kwa binadamu, wakaona mwelekeo uleule.

Kwa mwenye tatuu hasara ni mbili. Kidonda kilichokaushwa huchelewa, na kigaga chake kinene hushikamana na nyama ya ndani. Kikibanduliwa kwa kucha au kikinaswa na shuka usiku, hung’oka pamoja na wino. Yale mabaka matupu yanayoonekana baadaye kwenye mchoro, ambayo wenyewe humlaumu mchoraji, huenda yametokana na spiriti. Spiriti huua vijidudu, ni kweli, ila huua pia seli zinazojenga ngozi.

Hata hivyo, waliosikia habari za unyevu huvuka mpaka upande wa pili. Hupaka mafuta ya mgando mazito kama siagi juu ya mkate, wakavaa shati la nailoni na kuingia kwenye daladala saa saba mchana. Jasho hunaswa chini ya mafuta, ngozi hulowa ikawa nyeupe na kulegea, na bakteria hupata makao. Unyevu unaotakiwa ni ule wa midomo yenye afya. Mafuta yasiyo na manukato, kiasi cha kuacha mng’ao hafifu tu, yanatosha, tena baada ya majimaji kupungua.

Plastiki ya jikoni anayofunga mchoraji ni ya safari ya kwenda nyumbani. Baada ya saa chache itolewe. Ile filamu nyembamba ya polyurethani inayogandishwa kwenye ngozi ni kitu kingine, kwa kuwa hupitisha mvuke na kuzuia maji. Inaweza kukaa siku kadhaa, ilimradi isivuje pembeni. Ikivuja, iondolewe siku hiyohiyo.

Kuosha ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kwanza mikono, na hili halina mjadala. Kisha maji safi ya uvuguvugu yanayotiririka, sabuni isiyo na harufu, vidole bila dodoki, mara mbili kwa siku. Tatuu ikaushwe kwa kugusishwa karatasi safi ya tishu, kwani taulo la bafuni lina historia ndefu.

Sasa bahari. Pwani nzima, kutoka Lamu hadi Mtwara, watu husema maji ya bahari ni dawa ya kidonda, na husema kwa uhakika wa mambo ya kurithi. Hospitali husafisha vidonda kwa maji yenye chumvi ya asilimia 0.9, yaliyotakaswa. Bahari ina takriban asilimia 3.5, karibu mara nne, na haikutakaswa na yeyote. Mwaka 2017 jarida la BMJ Case Reports lilieleza kisa cha mwanamume wa miaka 31 huko Marekani aliyeogelea katika Ghuba ya Mexico siku tano baada ya kuchorwa mguuni. Bakteria aitwaye Vibrio vulnificus, anayependa maji ya chumvi yenye joto, aliingia kupitia mchoro huo. Mtu huyo alikuwa na ugonjwa wa ini, uliompunguzia kinga. Alifariki baada ya takriban miezi miwili hospitalini. Kisa cha namna hii ni nadra sana. Lakini hakuna mchoro unaostahili bahati nasibu hiyo, wakati bahari itakuwa palepale mwezi ujao. Katazo hilohilo ni la bwawa la kuogelea, mto na beseni la kujilowesha.

Wapo pia wanaopaka majivu kwenye tatuu mpya, na hujitetea kwa kuwataja wazee. Wamakonde wa Newala na wa nyanda za Mueda, husema, walichanjwa nembo usoni na kupakwa masizi, wakaishi. Huko ni kuchanganya mambo: mkaa uliosagwa kwenye nembo za Wamakonde ulikuwa ndio wino, na ulipakwa ili ubaki. Haukuwa tiba. Majivu na udongo vinaweza kubeba mbegu za bakteria wa pepopunda, na anayekusudia kuchorwa afadhali aulize chanjo yake ni ya lini.

Unga wa vile vidonge vya rangi mbili nao haukutengenezwa kwa kunyunyiziwa. Hukauka ukawa ganda, na huzoesha bakteria dawa. Krimu za kung’arisha ngozi zenye klobetasoli ni mbaya zaidi, kwani steroidi hiyo huchelewesha uponyaji na kuficha dalili za maambukizi.

Hatua ya pili ni fupi. Kati ya siku ya nne na ya kumi na nne hivi ngozi hubanduka kama baada ya kuungua na jua, huwasha, na mchoro huonekana umefifia kama uliofunikwa maziwa. Utang’aa tena. Unapowasha upigwepige kwa kiganja, usikunwe.

Vitabu vingi hufundisha kwamba maambukizi hutambulika kwa wekundu unaosambaa. Vimeandikwa kwa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huonekana kama zambarau, kijivu au weusi uliozidi, au hauonekani kabisa. Mkono huwa shahidi bora: nyuma ya kiganja iwekwe juu ya tatuu, kisha mahali hapohapo upande wa pili wa mwili. Joto linaloongezeka badala ya kupungua baada ya siku ya tatu, uvimbe mgumu, maumivu yanayozidi, usaha au homa, vyote ni vya kupelekwa hospitali siku hiyo.

Hatua ya tatu, ile miezi ya ndani, ndipo keloidi inapoweza kujitokeza, nayo ni habari nyingine. Haitokani na uchafu. Ni kovu linalokua kupita mipaka ya kidonda, mara nyingi miezi kadhaa baada ya ngozi kufunga, na huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika, hasa wenye ndugu walionalo. Daktari wa ngozi anaweza kulipunguza kwa sindano za triamsinoloni ndani ya kovu, na matibabu yakianza mapema huwa mepesi zaidi. Aliyewahi kuvimba hivyo masikioni baada ya kutoboa amwone daktari huyo kabla ya kulipa arubuni kwa mchoraji.