Taa zikiwaka, musitoke upesi



Katika kambi yetu tunaonyesha filimu kila siku ya tano, saa moja ya jioni, katika uwanja wa masomo. Jioni ya kwanza tulionyesha filimu ya malaria, ya pili filimu ya maji machafu na kolera, ya tatu filimu ya mikono na mashini. Ya ine ilikuwa filimu ya vumbi la mawe. Nataka kuwaelezea hii ya ine, kwani ilinifundisha hata mimi, munganga msaidizi.

Jioni zile za kwanza, filimu ilipoisha, kila mtu alichukua kiti chake na kurudi nyumbani. Niliwaza kwamba kazi imetimia. Halafu nilimwuliza bwana mmoja pale dispanseri: "Filimu ya malaria, uliona nini?" Alijibu: "Niliona mbu mkubwa kama kuku!" Nikamwuliza: "Na chandarua?" Akasema: "Chandarua gani?"

Nilicheka, lakini usiku sikulala vizuri. Mtu alikumbuka mbu, akasahau chandarua.

Mgeni wa jioni ya ine

Basi, juu ya filimu ya vumbi, tuliomba mzee mmoja aje. Alitoboa mawe chini ya udongo miaka mingi, na sasa anapumzika kazi. Filimu ilipoisha, taa ziliwaka, na mzee akasimama. Kutoka kiti chake mpaka mbele ni hatua ishirini tu. Alisimama mara mbili njiani kutafuta pumzi. Uwanja wote ulinyamaza, hata watoto.

Alisema maneno machache: "Wakati wetu, maji yalipokosa kwenye mashini, tulitoboa makavu ili tumalize upesi. Mnaona ginsi nilivyo."

Halafu mama mmoja akasimama nyuma: "Bwana yangu anakohoa tangu wiki tano. Anasema ni baridi. Ni vumbi, ao ni kifua kikuu?" Wanaume wengine walicheka. Bwana yake aliinamisha kichwa. Lakini kapita mmoja akasema: "Musicheke. Wengi wetu tunakohoa na tunaficha. Tunaogopa kutolewa kwenye mashini na kupoteza primu."

Ndugu, neno hilo halikuwa ndani ya filimu. Lilitoka baada ya filimu, na ndilo lilikuwa ugonjwa wenyewe.

Vumbi na kifua kikuu

Nilimjibu yule mama hivi. Mawe mengi yana silika. Ukitoboa, kupasua ao kusaga jiwe kavu, vumbi la silika linaruka. Chembe zake mbaya zaidi ni ndogo sana, macho hayazioni. Zinafika mwisho wa mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosi. Hakuna dawa ya kurudisha pafu lililoharibika. Dawa yake ni kuzuia: maji kwenye mashini, hewa ya kutosha, maski inayokaa vizuri usoni. Kitambaa mdomoni hakizuii vumbi hilo dogo.

Kifua kikuu ni ugonjwa mwingine. Kinaletwa na kijidudu ambacho Robert Koch alikitangaza tarehe 24 Machi 1882. Kinaambukiza kwa hewa, kwa hiyo bibi na watoto wako katika hatari. Lakini kinapona. Dawa za kawaida zinachukua miezi sita, na katika inchi yetu programu ya taifa inazitoa bila malipo. Mwenye silikosi anashikwa na kifua kikuu upesi kuliko mwingine. Kwa hiyo kikohozi cha wiki mbili ao zaidi kinahitaji kupimwa makohozi na kupigwa radio ya kifua. Kwa masikio tu, hakuna anayeweza kutenganisha magonjwa hayo mawili.

Siku ya kwanza ya kazi, yule bwana alikuja na bibi yake. Makohozi yalionyesha kifua kikuu. Leo anakunywa dawa. Wenzake sita walikuja nyuma yake.

Sahani haijibu

Kuonyesha filimu za afya si jambo jipya. Kati ya mwaka 1935 na 1937, kundi moja lilitengeneza filimu huko Vugiri, Tanganyika, na kuzitembeza kwa lori, hata Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Wazo lilitoka katika uchunguzi juu ya wafanya kazi wa migodi ya shaba ya huko, jirani zetu. Filimu moja ilifundisha juu ya minyoo ya safura. Sauti ilitoka katika sahani za gramafoni. Sahani inasema vizuri, lakini ukiiuliza swali haijibu. Mzee wetu alijibu.

Kwa kambi zingine

Mukitaka kufanya kama sisi, shikeni haya:

1. Filimu moja fupi kwa jioni moja, juu ya jambo moja.
2. Mgeni awe mtu aliyeliona jambo hilo kwa mwili wake ao kwa kazi yake.
3. Muda wa maswali usipite chini ya muda wa filimu. Mama waulize pia.
4. Musicheke mtu anayeuliza.
5. Swali lisilojibiwa liandikwe, na jibu lirudishwe mbele ya wote.

Swali la primu mimi sikuweza kulijibu. Niliandika na kulipeleka kwa wakubwa. Tumemwomba mkubwa wa wafanya kazi awe mgeni wetu wa jioni ya tano, na amekubali. Kujeni wengi, pamoja na bibi zenu. Filimu ikiisha na taa zikiwaka, kaeni. Hapo ndipo kazi inaanza.