Unatamani kora? Kuna kinubi chako Amukura

Umeitazama video ya Sona Jobarteh mara ngapi? Yule dada mwenye asili ya Gambia, kora mbele yake, nyuzi 21, na vidole vinne tu vikifanya kazi yote: gumba na kidole cha shahada vya kila mkono. Ukamaliza bando, ukaanza kuulizia bei. Kuisafirisha kora kutoka Afrika Magharibi ni shughuli, na mwalimu wake hapa kwetu ni wa kutafuta kwa tochi.

Sasa nikuulize: kwenu ni wapi? Kama ni Amukura, Adungosi au Malaba, au una shosho yako Tororo ng'ambo ya mpaka, basi una kinubi nyumbani na huenda hujawahi kukishika. Waiteso wanakiita adeudeu.

Usikichanganye na litungu la Wabukusu wala nyatiti ya Waluo. Hizo zina mikono miwili iliyounganishwa juu kwa kijiti. Adeudeu ina shingo moja tu, imepinda kama upinde, inatoka kwenye mwili wa mti uliochongwa ndani na kufunikwa ngozi. Nyuzi ni chache, tano hadi nane hivi. Zamani zilikuwa kano za mnyama. Siku hizi utakuta nailoni, ile ile ya kuvulia samaki.

Usidharau uchache huo. Fungua programu ya piano kwenye simu, gusa funguo nyeusi pekee. Umepata noti tano, na mpangilio huo unakaribia ule wa adeudeu. Unakaribia tu! Hapa ndipo vijana wengi wa mjini hukwama. Unakuja na programu ya kupimia sauti, inakuambia uzi wa tatu umeshuka, unataka kuukaza. Mzee anakutazama tu. Yeye hakazi nyuzi kufuata simu, anakaza kufuata koo lake. Leo akiwa na mafua, kinubi kinashuka naye. Kwa hiyo somo la kwanza si vidole, ni masikio: unakaa, unamsikiliza akiimba, unatafuta wimbo unaanzia uzi upi. Hakuna karatasi ya noti. Anapiga, unarudia, unakosea, anapiga tena bila kueleza kosa liko wapi. Inaudhi, maze. Lakini kipande kifupi kikishaingia mikononi, unagundua kinajizungusha chenyewe, na hapo ndipo kazi ngumu inaanza: kuimba juu yake bila vidole kupotea.

Na maneno je? Adeudeu ni ya kusindikiza hadithi, sifa na utani, watu wakiwa wamezunguka chungu cha ajon na mirija yao mirefu. Kama Kiteso chako kimeishia kwenye salamu, utapiga muziki mtamu usiosema kitu.

Wasichana, msiambiwe hili si lenu. Kora ilikuwa ya wanaume wa koo za magrioti kabla ya Jobarteh kuingia. Nyatiti nayo ilikuwa ya wanaume, hadi Eriko Mukoyama, anayejulikana kama Anyango, akatoka Japani mpaka Siaya kujifunza kwa mzee kijijini. Kutoka Nairobi hadi Amukura ni safari ya basi moja na boda.

Tatizo ni kwamba wanaojua kupiga wengi wao ni wazee, na watoto wao wako Nairobi kama wewe. Mzee akiondoka, kinubi hutundikwa ukutani, ngozi inakauka, panya wanamalizia. Kuna rekodi, ndiyo. Ketebul Music ya Nairobi, kupitia mradi wa Singing Wells, imezunguka Afrika Mashariki ikirekodi muziki wa asili. Sikiliza uzoeshe sikio. Ila rekodi haiwezi kukukamata gumba na kukuonyesha pa kuliweka.

Likizo ijayo basi, uliza nyumbani nani anapiga. Ukifika kwake, sema "Yoga", keti, simu ibaki mfukoni mpaka akuruhusu kurekodi. Na mkubaliane malipo mapema, kama ambavyo ungelipia masomo ya gitaa mjini. Sukari na majani ya chai ni zawadi ya mgeni, si karo.