Wanawake wa Heri wa Winsa

Wanawake wa Heri wa Winsa ni tafsiri ya Kiswahili ya The Merry Wives of Windsor, ramsa (komedia) ya mapenzi iliyotungwa na William Shakespeare mwishoni mwa karne ya 16. Ilionyeshwa katika ukumbi wa Shakespeare's Globe mjini London mwezi Aprili 2012, wakati wa tamasha la Globe to Globe lililoleta tamthilia 37 za mwandishi huyo kwa lugha 37. Mfasiri alikuwa Joshua Ogutu, na waongozaji Daniel Goldman na Sarah Norman.

Kisa

Falstaff ni bwana mnene, mlevi, mwenye cheo lakini mfukoni hana kitu. Anaandika barua mbili za mapenzi zinazofanana neno kwa neno, isipokuwa jina, na kuzipeleka kwa wake wa matajiri wawili, Bibi Ford na Bibi Page, akitumaini kuzifikia fedha za waume zao. Wanawake hao ni marafiki. Wanaonyeshana barua, na kisasi kinaanza. Mara ya kwanza Falstaff anafichwa ndani ya kapu la nguo chafu, kisha anatupwa mtoni Thames. Mara ya pili anavishwa gauni la kikongwe na kuchapwa na Bwana Ford. Mara ya tatu anaitwa msituni usiku, amevaa pembe kichwani, na watoto waliojifanya vibwengo wanamfinya na kumchoma kwa mishumaa.

Pembeni yapo mapenzi yenyewe. Anne Page anatakiwa na wanaume watatu: mmoja amechaguliwa na baba, wa pili na mama, na wa tatu, Fenton, ndiye ampendaye. Fenton anakiri kwamba mwanzoni alifuata mali. Katika vurugu za msituni kila mchumba wa wazazi anaondoka na mvulana aliyevishwa gauni, na Anne anaolewa na Fenton. Kwa msomaji wa Tarime, ambako ng'ombe wa mahari wamekuwa na sauti kubwa katika ndoa ya binti, sehemu hii haihitaji maelezo mengi.

Lugha na jina

Tamthilia hii imeandikwa karibu yote kwa nathari, si kwa ushairi, jambo linalompunguzia mfasiri mzigo. Ugumu uko kwenye mizaha. Daktari Caius, Mfaransa, na Evans, mtu wa Wales, wanachekwa kwa jinsi wanavyokivunja Kiingereza. Ni utani unaoeleweka popote Kiswahili kinaposemwa kwa lafudhi za lugha mama. Jina lenyewe linaweza kujadiliwa. Neno "heri" linaelekea kwenye baraka na amani, ilhali wanawake hawa ni wachangamfu na wajanja. "Wacheshi" lingekaribia zaidi, ingawa "heri" lina mlio mzuri.

Onyesho

Kundi lilikuwa la waigizaji wanane tu, wengi wao kutoka Kenya, na ilibidi baadhi yao wabebe nafasi zaidi ya moja. Falstaff aliigizwa na Mrisho Mpoto, mghani mashuhuri wa Tanzania. Ukumbi wa Globe hauna paa katikati na mamia ya watazamaji husimama mbele ya jukwaa. Waandaaji hawakutafsiri kila neno: waliweka muhtasari mfupi wa kila onyesho kwa Kiingereza, hivyo asiyejua Kiswahili alilazimika kufuata mwili na sauti ya mwigizaji. Kwa ramsa ya makapu na bakora hilo si tatizo kubwa.

Shakespeare katika Kiswahili

Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama mkoani Mara, alitafsiri Juliasi Kaizari (1963) na Mabepari wa Venisi (1969). Kumwita mfanyabiashara "bepari" miaka miwili baada ya Azimio la Arusha hakukuwa bahati mbaya. S. S. Mushi naye alitoa Makbeth na Tufani.

Muziki

Kisa cha Falstaff kiligeuzwa kuwa opera na Salieri (1799), Otto Nicolai (1849) na Verdi (1893), ambaye wakati huo alikuwa na miaka 79. Ramsa nyingine ya Shakespeare, The Taming of the Shrew, ilizaa Kiss Me, Kate (1948), tamthilia ya nyimbo ya Cole Porter inayorudishwa jukwaani mara kwa mara, na yenyewe inahusu kundi linaloiigiza upya ramsa hiyo. Waswahili walikisoma kisa hicho mapema zaidi: kilikuwa kimojawapo cha visa vinne katika Hadithi za Kiingereza, kitabu kilichotolewa na Edward Steere huko Unguja mwaka 1867.