Kichanja cha mbao: Ghala dogo linaloweza kumwokoa mkulima wa Ngerengere na bei ya Agosti

KILA ifikapo Julai na Agosti, mahindi ya masika yakishavunwa, hadithi ni ile ile katika vijiji vingi vya tarafa ya Ngerengere, Wilaya ya Morogoro. Mkulima anauza haraka wakati kila mtu anauza, bei ikiwa chini. Mvua za vuli zikisuasua, ikifika Januari au Februari mkulima huyo huyo anakwenda dukani kununua unga kwa kilo, na pengine ananunua mahindi yaliyotoka katika shamba lake mwenyewe.

Wengi husema kinachomsukuma mkulima kuuza ni shida ya fedha: ada, matibabu, madeni ya pembejeo. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba mkulima hana mahali pa kuyaweka mahindi yakabaki kuwa chakula. Gunia lililosimamishwa sakafuni kwenye kona ya chumba hushambuliwa na unyevu kutoka chini, panya kutoka pembeni na wadudu kutoka ndani. Mwenye gunia kama hilo anajua kwamba kila wiki anayochelewa kuuza anapoteza kilo kadhaa. Kwa hiyo anauza.

Makala haya yanaeleza njia moja ndogo ya kupunguza tatizo hilo katika ngazi ya kaya: mapipa ya plastiki yenye mifuniko, yaliyopangwa juu ya kichanja cha mbao ambacho fundi seremala wa kijijini anaweza kukitengeneza kwa siku moja. Haitachukua nafasi ya ghala la kijiji wala la ushirika. Ni akiba ya chakula cha familia, kiasi cha kilo 135 za mahindi. Kwa kaya inayotumia kilo mbili kwa siku, hicho ni chakula cha zaidi ya miezi miwili, yaani kipindi kile kile ambacho bei huwa juu.

Adui ni nani?

Mkoa wa Morogoro upande wa tambarare una joto, na joto huwaongezea wadudu kasi ya kuzaliana. Wabaya zaidi ni wawili: fukusi, anayejulikana siku zote, na dumuzi. Dumuzi ni mgeni. Asili yake ni Amerika ya Kati, na hapa nchini aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akaenea karibu kila mahali mahindi yanapolimwa. Huacha unga mwingi mahali palipokuwa na punje.

Kuna jambo moja kuhusu dumuzi ambalo anayetengeneza kichanja lazima alijue. Mdudu huyu anaweza kutoboa mbao na kuishi katika miti mikavu. Maana yake ni kwamba kichanja chenyewe, kikitengenezwa kwa mbao zenye matundu, kinaweza kuwa nyumba yake akisubiri mavuno yajayo.

Adui wa tatu haonekani kwa macho. Ni sumukuvu, inayotokana na ukungu unaoota kwenye nafaka zenye unyevu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yaliyochafuliwa na sumu hiyo. Kupika hakuiondoi. Kinga yake ni kukausha vizuri na kuhifadhi mahali pakavu.

Kwa nini mapipa madogo kadhaa?

Pipa la plastiki lisilopitisha hewa lina faida kubwa. Likijazwa mpaka juu na kufungwa barabara, wadudu waliomo humaliza hewa iliyobaki na kufa. Faida hiyo hupotea kila mfuniko unapofunguliwa. Kaya yenye pipa moja kubwa hulifungua kila siku, hivyo hewa mpya inaingia kila siku na wadudu wanapata nafuu.

Kaya yenye mapipa matatu ya lita 60 hufungua moja tu, na mengine mawili yanabaki yamefungwa mpaka zamu yake ifike. Pipa la lita 60 hubeba takriban kilo 45 za mahindi yaliyopukuchuliwa, uzito ambao watu wawili wanaweza kuuinua bila kuumia mgongo. Hii ndiyo sababu ya kuhitaji kichanja: mapipa matatu sakafuni hujaza chumba, huzuia ufagio, na nyuma yake panya hupata pa kujificha.

Vifaa vinavyohitajika

Vipimo vifuatavyo ni vya kichanja chenye urefu wa futi 5, upana wa futi 2 na kimo cha futi 4 na nusu. Ngazi ya chini ni ya mapipa matatu yenye upana wa inchi 16 na kimo cha futi 2. Ngazi ya juu ni ya vitu vyepesi: ndoo ndogo za kunde, choroko, mbegu na unga. Pima mapipa yako kwanza kabla ya kununua mbao, kwani mapipa ya lita moja hayalingani umbo.

Mahitaji ni mbao 4 za inchi 2 kwa 4 zenye urefu wa futi 12, mbao 5 za inchi 1 kwa 4 zenye urefu huo huo, bolti 8 za inchi 5 pamoja na nati na washa zake, misumari ya inchi 3 na ya inchi 2. Mbao za paini zinatosha. Zikague moja moja: acha yenye matundu, yenye unga unaodondoka, iliyopinda au ambayo bado ni mbichi. Mbao mbichi ikikauka ndani ya nyumba hupinda na kulegeza misumari.

Namna ya kukata

Mbao mbili za kwanza za 2 kwa 4, kila moja itoe miguu miwili ya futi 4 na nusu. Kinachobaki ni futi 3, hapo kata mhimili mfupi wa futi 2. Mbao mbili zinazofuata, kila moja itoe mihimili mirefu miwili ya inchi 56, na kinachobaki kitoe mhimili mfupi mwingine wa futi 2. Mwisho unapata miguu minne, mihimili mirefu minne na mihimili mifupi minne, na mabaki ni vipande vidogo tu.

Mbao nne za 1 kwa 4 zikatwe vipande vya futi 2 kasoro kidogo, kwa sababu msumeno nao unakula mbao. Kila moja inatoa vipande sita, jumla 24. Utatumia 22 na viwili vitakuwa akiba. Mbao ya tano ikatwe katikati ili kupata mikingamo miwili ya futi 6.

Namna ya kuunganisha

Anza na pande mbili za mwisho. Laza miguu miwili chini, sambamba, ukingo hadi ukingo wa nje uwe futi 2. Weka mhimili mfupi wa chini juu ya miguu hiyo, ukingo wake wa juu uwe inchi 7 kutoka sakafuni. Weka na wa juu, ukingo wake wa juu uwe inchi 48 kutoka sakafuni. Toboa kwa keekee au drili, kaza kila kiungo kwa bolti moja, kisha ongeza msumari mmoja wa inchi 3 ili mbao isizunguke. Fanya vivyo hivyo upande wa pili.

Simamisha pande hizo mbili zikitazamana, mihimili mifupi ikiwa kwa ndani. Lalisha mihimili mirefu juu ya mihimili mifupi, mmoja mbele na mmoja nyuma kwa kila ngazi, ikiwa imesimama kwa upana wake wa inchi 4. Pigilia misumari kupitia kwenye miguu. Hapa ndipo penye siri ya uimara: uzito wa mapipa unakalia mbao juu ya mbao, na msumari kazi yake ni kushikilia tu. Kichanja ambacho mihimili yake mirefu inaning'inia kwenye misumari hulegea msimu wa kwanza.

Sasa panga vipande vya futi 2 kukatiza mihimili mirefu, 11 kila ngazi, ukiacha nafasi ya zaidi kidogo ya inchi moja kati ya kipande na kipande ili hewa ipite. Ngazi ya chini itakuwa futi moja kutoka sakafuni. Juu ya mapipa itabaki nafasi ya futi moja chini ya mhimili wa juu, inayotosha kufungua mfuniko na kuingiza kopo.

Mwisho pigilia mikingamo miwili mgongoni, ikipishana kama herufi X kutoka mguu hadi mguu. Usiiache kwa kubana matumizi. Bila mikingamo kichanja chenye kilo 135 kinaweza kuyumba na kulala upande mmoja, na mara nyingi anayepita karibu ni mtoto.

Pa kukiweka

Weka kila mguu juu ya tofali au jiwe bapa ili mchwa wasipande bila kuonekana. Kagua kila wiki. Ukiona njia ya udongo, ifute. Acha nafasi ya futi moja kutoka ukutani. Paka mbao rangi au vanishi mpaka kwenye nyufa, na uiache ikauke kabisa kabla ya kuweka chakula.

Tusidanganyane kuhusu panya. Futi moja si kitu kwake. Ataruka au atapanda mguu. Kinga ni mfuniko unaobana, plastiki nene, na uwazi wa chini unaopitisha ufagio na paka. Akianza kutafuna pipa utaona alama mapema, jambo ambalo huwezi kuliona pipa likiwa limebanwa kwenye kona.

Kichanja hakikaushi mahindi

Pipa la plastiki halipumui. Mahindi mabichi yakifungiwa humo yataoza haraka kuliko kwenye gunia. Kwa hifadhi ya namna hii unyevu usizidi asilimia 13. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo.

Kwa asiye na kipimo, chukua chupa ya kioo iliyo kavu, weka mahindi kiasi na chumvi kavu, funga, tikisa na subiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, umeshuka chini ya hapo, lakini bado si lazima uwe umefika 13, hivyo ongeza siku moja au mbili za jua. Mahindi yakitoka juani yaache yapoe kabla ya kuyafunga, la sivyo mvuke utageuka maji ndani ya mfuniko.

Usitumie kabisa pipa lililobeba viuatilifu au kemikali nyingine, hata likioshwa mara kumi. Bei yake ndogo si nafuu.

Hesabu inasemaje?

Bei hubadilika, kwa hiyo tarakimu hizi ni mfano tu. Msomaji aweke za kwake. Tuseme mbao nne za 2 kwa 4 ni Sh8,000 kila moja, tano za 1 kwa 4 ni Sh4,000 kila moja, bolti zote Sh8,000, misumari Sh4,000 na fundi Sh20,000. Kichanja kitagharimu Sh84,000. Mapipa matatu kwa Sh30,000 kila moja ni Sh90,000. Jumla ni Sh174,000.

Kama kilo moja ni Sh500 wakati wa mavuno na Sh900 wakati wa njaa, kaya inayohifadhi kilo 135 badala ya kuuza na kununua tena inaokoa Sh54,000 kwa msimu. Gharama inarudi katika msimu wa nne. Lakini kama tofauti ya bei ni Sh150 tu, kinachookolewa ni Sh20,250, na itachukua karibu misimu tisa. Kwa hiyo swali la kwanza si bei ya mbao. Ni tofauti ya bei ya mahindi kati ya Agosti na Februari katika soko lako. Iandike kwa miaka miwili au mitatu, utapata jibu.

Kwa mwenye fedha kidogo, ushauri ni kuanza na ngazi ya chini pekee na kuitumia kama chaga la magunia, kisha kuongeza pipa moja kila msimu. Maonyesho ya Nane Nane ya Kanda ya Mashariki, yanayofanyika mjini Morogoro kila Agosti, ni mahali pazuri pa kulinganisha mapipa na mifuko isiyopitisha hewa kabla ya kununua.

Mji wa Ngerengere umekuwa kando ya Reli ya Kati tangu ilipofika Morogoro mwaka 1907, na tangu 2024 una kituo cha treni ya umeme ya SGR. Njia za kutoa mazao kwenda Dar es Salaam hazijawahi kuwa nyingi kama sasa. Mwenye chakula cha miezi miwili juu ya kichanja ndiye anayeweza kumwambia mnunuzi arudi mwezi ujao.