Masalio ya kapsuli si zawadi kwa ndugu mgonjwa

Huenda kabatini mwako zipo kapsuli tano au sita za amoksilini zilizobaki ulipougua koo. Siku ya tatu ulipata nafuu, ukaziacha. Leo ndugu yako wa Mbwajumali, kisiwani Pate, amekupigia simu. Alikatwa na matumbawe akivua, mguu umefura, naye anahofia gharama ya boti hadi hospitalini Lamu. Unataka kumtumia zile kapsuli. Nia yako ni njema, lakini soma haya kwanza.

Dawa hizo huitwa viuavijasumu, au antibiotiki, na hupigana na bakteria. Bakteria ni kijidudu cha chembe moja kisichoonekana kwa macho. Wengi wao wamezungukwa na ukuta, kama ngome ya Siyu iliyoko kisiwani humo humo. Penisilini na jamaa yake amoksilini huzuia ujenzi wa ukuta huo. Bakteria akikua, ukuta hudhoofika, maji huingia, naye hupasuka. Chembe za mwili wako hazina ukuta wa namna hiyo, kwa hivyo hazibomolewi.

Tetrasaiklini hufuata njia nyingine. Huzuia bakteria kutengeneza protini, asiweze kuongezeka, kisha kinga ya mwili humaliza kazi. Ndiyo maana si vyema kununua dawa kwa kutaja "rangi mbili" tu. Dawa tofauti huweza kufanana rangi. Tetrasaiklini, kwa mfano, huweza kuharibu rangi ya meno ya watoto wadogo.

Mafua, nayo, huletwa na virusi, ambavyo havina ukuta huo. Ukimeza antibiotiki kwa mafua, umepoteza pesa zako bure.

Bakteria sugu

Miongoni mwa mamilioni ya bakteria, huwapo wachache wanaostahimili dawa. Wengine hutoa kimeng'enya kinachoivunja penisilini. Dawa huwaua walio dhaifu, nao wale sugu hubaki na kuzaana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mjini London mwaka 1928, alionya katika hotuba yake ya Nobel mwaka 1945 kwamba dozi isiyotosha huwafundisha bakteria kuihimili dawa. Mwaka 2019, kwa makadirio ya wataalamu, usugu wa bakteria ulisababisha vifo milioni 1.27 duniani.

Sasa turudi kwa mguu wa ndugu yako. Kapsuli sita hazifikii dozi. Isitoshe, bakteria wa jeraha la baharini huenda si wale waliokuuguza koo, na dawa iliyokufaa wewe huenda isiwaguse. Huenda pia akahitaji sindano ya pepopunda, ambayo kapsuli haziwezi kuchukua nafasi yake. Na kama mwili wake unaikataa penisilini, kapsuli hizo zaweza kumdhuru vibaya.

La kufanya

Mwambie aoshe jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha aende zahanati iliyo karibu mara moja. Wekundu ukisambaa, usaha ukitoka au homa ikipanda, asingoje kesho. Akiandikiwa dawa, azimeze kwa saa na siku alizoambiwa, na asiziache kabla ya kumwuliza mhudumu wa afya.

Na wewe, peleka kapsuli zilizobaki kwa mfamasia akushauri namna ya kuzitupa. Kama unataka kumsaidia ndugu yako, mtumie nauli ya boti.